Kichujio cha masizi kwenye gari la dizeli: jinsi ya kukitunza, kukisafisha na kuepuka hasara

Malori madogo na pikapu zinazobeba mazao yetu si zile za miaka ya nyuma. Magari mengi ya dizeli yanayoingia nchini yakiwa yametumika Japani yana kifaa kimoja kwenye bomba la ekzosi ambacho wenye magari wengi hawakijui, mpaka siku taa inapowaka kwenye dashibodi na gari linaanza kukosa nguvu mlimani. Kifaa hicho ni kichujio cha masizi. Mafundi wengi hukiita DPF. Kwenye malori ya Isuzu utakuta kimeandikwa DPD, na kwenye Hino kimeandikwa DPR, lakini kazi yake ni ile ile.

Wasikilizaji wetu huuliza maswali mawili kuhusu kifaa hiki. La kwanza: taa yake ikiwaka, nifanye nini? La pili: fundi ameniambia dawa yake ni kukikata na kuunga bomba tupu, je, ni kweli?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi kichujio kilichoziba kinaweza kusafishwa, na mara nyingi kuziba kwake ni dalili ya ugonjwa mwingine ndani ya gari. Ukikikata, ugonjwa ule unabaki. Katika makala haya tunaeleza kinavyofanya kazi, kwa nini kinaziba, unachoweza kufanya mwenyewe ukiwa barabarani, na jinsi ya kumsimamia fundi anapokisafisha ili usitoke gereji na hasara kubwa kuliko uliyoingia nayo.

Kichujio hiki ni nini?

Dizeli inapoungua ndani ya injini haiishi yote. Sehemu ndogo inabaki kama masizi, ule moshi mweusi tunaoujua. Chembe za masizi ni ndogo mno. Unywele wa mtu una upana wa takriban mikromita 70, lakini chembe hizi nyingi hazifiki hata mikromita 1. Kwa udogo huo hazizuiliwi puani wala kooni, zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Japani ililichukulia jambo hili kwa uzito mapema. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli ili watu waone kwa macho kile wanachovuta. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku magari ya dizeli ya biashara yasiyofikia kiwango cha usafi wa moshi. Tangu wakati huo malori mengi ya soko la Japani yamekuwa yakitengenezwa yakiwa na vichujio. Ndiyo maana Canter, Elf, Dutro au Hiace ya dizeli unayoinunua leo ikitoka huko inaweza kuwa na kifaa ambacho ile ya baba yako haikuwa nacho.

Kwa umbo, kichujio ni kama sega la nyuki lililotengenezwa kwa kauri na kufungwa ndani ya kopo la chuma. Kina vitundu vingi virefu vyembamba. Kitundu kimoja kimezibwa upande wa mbele, na jirani yake kimezibwa upande wa nyuma. Moshi ukiingia unakuta mbele pamefungwa, kwa hiyo unalazimika kupenya kwenye ukuta wa kauri ili utokee kitundu cha pili. Hewa inapita, masizi yanabaki. Kichujio kizima hukamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi.

Kinajisafishaje?

Kitu chochote kinachochuja lazima kijae. Chujio la chai unalikung'uta. Kichujio cha gari kinachoma masizi yake chenyewe, na kina njia mbili za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni ya kimya kimya. Gari likiwa limebeba mzigo na linapanda mlima au linakwenda mwendo mzuri barabara kuu, ekzosi inapata moto wa kutosha. Kuanzia nyuzi joto 250 hivi na kuendelea, gesi zilizomo kwenye moshi zinayala masizi polepole. Dereva hajui lolote.

Njia ya pili ni pale masizi yanapokuwa mengi. Kompyuta ya gari inaamua kuyachoma kwa nguvu. Inaongeza dizeli kidogo kwa wakati ambao haisukumi pistoni, dizeli hiyo inaungulia kwenye ekzosi, na joto ndani ya kichujio linapanda hadi karibu nyuzi 600. Masizi yanaungua na kuisha. Wakati huo unaweza kusikia injini ikinguruma tofauti, feni ya rejeta ikizunguka kwa nguvu, au harufu ya joto. Gari halijaharibika, limo kazini.

Hapo ndipo kuna tofauti kati ya safari na safari. Chukua lori linalotoka Ilula na nyanya kwenda Dar es Salaam. Lina mzigo, lina vilima, lina saa nyingi barabarani. Kichujio chake kinapata moto mara kwa mara. Sasa chukua gari linalokusanya maziwa asubuhi huko Rungwe. Linakwenda kilomita moja, linasimama, injini inaendelea kunguruma huku makopo yakipimwa, linakwenda nusu kilomita nyingine. Ekzosi haipati moto wa maana. Masizi yanaingia kila siku na hayaungui. Magari mawili yanaweza kuwa ya aina moja na ya mwaka mmoja, lakini la maziwa ndilo litakalowasha taa kwanza.

Masizi ni kitu kimoja, jivu ni kingine

Jambo hili lisipoeleweka, pesa nyingi zinapotea.

Masizi yanaungua. Jivu haliungui. Jivu linatokana hasa na oili ya injini. Ndani ya oili kuna madini kama kalsiamu na zinki yaliyowekwa ili kulinda vyuma. Kiasi kidogo cha oili huungua kila siku ndani ya injini, na madini hayo hufika kwenye kichujio na kubaki pale. Ni sawa na jiko la kuni: kuni zinaisha, jivu linabaki mekoni mpaka mtu alizoe.

Kwa hiyo kuna aina mbili za usafi. Masizi yanaondolewa kwa moto, gari likiwa zima. Jivu linaondolewa kwa kufungua kichujio na kukisafisha nje ya gari. Jivu huchukua muda mrefu kujaa, mara nyingi zaidi ya kilomita 100,000. Lakini gari lililotumika nje limeshakula sehemu ya kilomita hizo kabla halijafika bandarini, na si kila mita ya gari lililotumika inasema kweli.

Fundi anayekuuzia dawa ya kumimina kwenye tangi na kukuahidi kwamba itaondoa jivu, anakudanganya au hajui. Dawa za aina hiyo zinaweza kusaidia masizi yaungue kwa urahisi. Jivu hazilitoi.

Taa ikiwaka, fanya hivi

Kwanza, usiogope na usiipuuze. Taa ya kichujio ikiwaka peke yake, na gari bado lina nguvu, maana yake ni kwamba masizi yamekuwa mengi na yanahitaji kuchomwa. Bado una nafasi. Ukiendelea kuzunguka nalo siku kadhaa bila kufanya kitu, taa ya injini nayo itawaka, kompyuta itapunguza nguvu ya gari ili kulinda injini, na njia ya kuchoma masizi ukiwa barabarani itafungwa.

Kwa magari yasiyo na kitufe, dawa ya kawaida ni safari. Liendeshe gari barabara iliyo wazi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kwa dakika 15 hadi 20 bila kusimamasimama, ukizingatia alama za mwendo zilizopo. Tumia gia itakayoifanya injini izunguke vizuri kuliko kawaida, usiiburuze kwenye gia kubwa. Kama gari lako ni la safari fupi fupi za kijijini, panga safari ya namna hii walau mara moja kwa wiki. Usizime injini katikati ya zoezi. Kuzima mara moja hakuui gari, lakini likiwa zoea, kichujio hakimalizi kazi yake hata siku moja.

Kwa malori mengi yaliyotoka Japani kuna kitufe maalumu kwenye dashibodi, chenye picha ya kopo la ekzosi lenye vitone ndani yake. Taa ikianza kuwaka na kuzimika, utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Simamisha gari mahali pa wazi, penye udongo mtupu, changarawe au lami. Pasiwe na nyasi kavu, mabua, pumba, magunia wala madumu ya mafuta.
2. Weka gia nyutro na uvute breki ya mkono. Zima breki ya ekzosi kama ilikuwa imewashwa.
3. Acha injini ingurume yenyewe ikiwa tayari imepata joto.
4. Bonyeza kitufe. Mngurumo utapanda wenyewe. Usikanyage mafuta wala klachi.
5. Subiri mpaka taa izime na mngurumo urudi chini. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30.

Hapa tunatoa onyo la maisha na mali. Wakati wa zoezi hili hewa inayotoka nyuma ya gari ni ya moto mkali. Gari lililoegeshwa juu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi linaweza kuwasha moto ukachukua gari, shamba na ghala. Usifanye zoezi hili ndani ya banda au gereji iliyofungwa, kwa sababu hewa yenye sumu inayotoka kwenye ekzosi haina rangi na inaua. Watoto wasikae nyuma ya gari. Kizima moto kiwe karibu.

Kama utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako unatofautiana na huu, fuata kitabu. Vitabu vingi vinakuja kwa Kijapani, lakini simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera inaweza kukusaidia kusoma ukurasa unaohusu kichujio.

Kwa nini kinaziba mapema?

Kichujio kikijaa baada ya miaka mingi, hilo ni la kawaida. Kikiziba kila wiki, kuna kitu kingine kinachokijaza au kinachokizuia kujisafisha. Kabla hujakubali kukitoa, mwombe fundi aangalie mambo haya.

Thamostati. Mafundi wengi wa kwetu wana mazoea ya kuitoa thamostati wakiamini kwamba nchi yetu ni ya joto na injini haiihitaji. Kwa gari lenye kichujio cha masizi, hilo ni kosa kubwa. Injini isipofikia joto lake la kazi, kompyuta inakataa kuanza kuchoma masizi. Gari litakuwa na kila kitu kizima, na kichujio kitaendelea kuziba. Kama mshale wa joto haufiki mahali pake pa kawaida, anza kutafuta hapo.

Nozeli. Nozeli inayovuja au kunyunyiza vibaya inatoa masizi mengi kuliko kichujio kinavyoweza kuhimili.

Turbo na pistoni. Turbo inayopitisha oili, au injini iliyochoka inayokula oili, inajaza kichujio masizi na jivu kwa pamoja. Ukiongeza oili kila mara na huoni inapovujia, inaungua, na jivu lake linaishia kwenye kichujio.

Filta ya hewa. Vumbi la barabara zetu linaiziba haraka. Injini ikikosa hewa inatoa moshi mwingi. Hii ndiyo kazi rahisi na ya bei nafuu kuliko zote.

Sensa na mipira yake. Kompyuta inajua kichujio kimejaa kwa kupima tofauti ya msukumo wa hewa kabla na baada ya kichujio. Sensa hiyo inaunganishwa kwa mipira myembamba. Mpira ukipasuka, ukichomoka au ukiziba, kompyuta inapata habari za uongo. Kuna magari yanayofunguliwa kichujio kizima wakati tatizo lilikuwa mpira mmoja.

Mafuta na oili vina kazi kubwa

Vichujio hivi vilitengenezwa kwa ajili ya dizeli yenye salfa kidogo. Dizeli ya Japani na ya Ulaya ina kiwango kisichozidi miligramu 10 za salfa kwa kila kilo ya mafuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha 50 kuanzia mwaka 2015. Hayo ni maendeleo makubwa ukilinganisha na huko nyuma, na kichujio kinaweza kufanya kazi kwa mafuta hayo, ingawa hakipati wepesi uleule kama kilikotoka.

Tatizo liko kwenye mafuta ya madumu ya kando ya barabara. Hujui yamechanganywa na nini, wala dumu lilibeba nini jana. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA ili kuwabana wachanganyaji, na faida yake unaipata ukinunua kituoni. Jaza tangi kwenye kituo unachokiamini na utunze risiti. Mashine ya kusaga au pampu ya umwagiliaji ya zamani inaweza kuvumilia mafuta mabaya kwa muda. Gari lenye kichujio halivumilii.

Oili nayo ichaguliwe. Magari haya yanahitaji oili inayoacha jivu kidogo. Kwa magari ya Kijapani, tafuta maandishi haya kwenye dumu: DL-1 kwa magari madogo ya dizeli, DH-2 kwa malori. Kwa malori mengine utakuta CJ-4 au CK-4. Magari mengi ya Ulaya yana alama inayoanza na herufi C, kwa mfano C3. Angalia kitabu cha gari kinasema ipi. Oili ya kawaida ya bei nafuu itaendesha injini bila kelele, lakini kila kilomita inaacha jivu lisilotoka kwa moto.

Pima oili mara kwa mara, na usiangalie tu kama imepungua. Angalia pia kama imeongezeka. Kila mara gari linapojaribu kuchoma masizi bila kumaliza, dizeli kidogo inashuka na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukakuta oili imepita alama ya juu, imekuwa nyepesi na inanuka dizeli, usiendelee kuendesha. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi injini, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuichoma yenyewe na kukataa kuzima. Badilisha oili, kisha utafute kwa nini zoezi halimaliziki.

Kukisafisha gereji: mambo ya kusimamia

Kama kuchoma barabarani kumeshindikana, hatua ya kwanza gereji ni mashine ya kupima. Fundi aichomeke na akuonyeshe kwenye kioo: masizi yamefika kiasi gani, msukumo wa hewa ni kiasi gani, na mara ya mwisho gari lilijisafisha lini. Fundi asiye na mashine hawezi kujua chochote kuhusu kichujio chako. Anabahatisha.

Mashine hiyo hiyo inaweza kuamuru gari lichome masizi likiwa limesimama. Lakini masizi yakipita kiwango fulani, kompyuta inakataa, na ina sababu. Masizi mengi mno yakishika moto kwa pamoja, joto linapanda kupita uwezo wa kauri, na kichujio kinapasuka au kuyeyuka. Usimlazimishe fundi atafute njia ya kuidanganya kompyuta.

Inapobidi kukifungua, kazi nzuri inafuata njia hii. Kichujio kinawekwa alama upande moshi unakoingilia. Kinapimwa uzito kikiwa kikavu. Kinapulizwa kwa hewa ya kompresa kutoka upande wa kutokea kwenda upande wa kuingilia, yaani kinyume na njia ya moshi, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kama kuna masizi magumu, kinawekwa kwenye tanuri maalumu linalopandishwa joto polepole hadi karibu nyuzi 600 na kupozwa polepole, kisha kinapulizwa tena. Gereji nyingine hutumia mashine ya maji yenye msukumo uliopimwa na dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu hukikausha kabisa. Mwisho kinapimwa uzito tena.

Wewe mwenye gari unaweza kukagua kazi hiyo bila kuwa fundi. Tumia mambo mawili.

La kwanza ni mizani. Mizani ya kidijitali ya kupimia mazao inatosha. Kichujio kikiwa kikavu kabla na kikavu baada ya kusafishwa, uzito lazima upungue. Kama haukupungua, hakuna kilichotoka. Ukikuta kimepungua sana kuliko ulivyotarajia, tilia shaka, huenda kauri yenyewe imevunjwa.

La pili ni tochi ya simu. Vitundu vya kichujio kizima vimezibwa kwa kupokezana, kwa hiyo mwanga ukimulikwa upande mmoja haupiti moja kwa moja kutokea upande wa pili. Fundi akikwambia “angalia bosi, sasa mwanga unapita”, ujue kichujio kimetobolewa. Usikichanganye na kile kipande kingine kinachokaa mbele ya kichujio. Hicho vitundu vyake viko wazi, na mwanga unapita kama kawaida.

Baada ya kukirudisha, vifungwe vizibo vipya vya maungio, mipira ya sensa ihakikishwe, na fundi aiambie kompyuta kwa mashine kwamba kichujio kimesafishwa. Asipofanya hivyo, kompyuta itaendelea kuhesabu jivu ambalo halipo tena.

Usikubali mambo haya

Usikubali kichujio kigongwe kwa nyundo. Ni kauri, kitapata ufa.

Usikubali kimiminiwe petroli, mafuta ya taa au tindikali. Petroli iliyobaki ndani inaweza kulipuka gari likipata moto, na tindikali inakula madini yanayosaidia masizi kuungua.

Usikubali kioshwe kwa pampu ya kuoshea magari yenye msukumo mkali. Maji ya nguvu yanang'oa vizibo vya vitundu.

Usikubali kipulizwe uani penye watoto, kuku na vyakula. Jivu na masizi yanayotoka ni vumbi baya la mapafu. Fundi avae barakoa na glovu, na uchafu ufungwe kwenye mfuko.

Usikubali kuacha kichujio chako gereji “kwa sababu ni kibovu”. Ndani yake kuna madini ya thamani kama platinamu, na kuna wanunuzi wanaoyatafuta. Kama ni cha kutupa, uamue wewe, na kama kina bei, iwe yako.

Je, kukikata si nafuu?

Tunajua kwa nini watu hukubali. Kichujio kipya ni ghali, gari liko juu ya mawe, mzigo unaoza na mkopo wa kikundi unasubiri. Fundi anasema atalimaliza kwa saa mbili.

Lakini hebu tufuate kinachotokea. Kichujio kikitobolewa na kompyuta ikiachwa kama ilivyo, sensa itaona msukumo usio wa kawaida, taa itawaka tena, na gari linaweza kuendelea kumimina dizeli ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, dizeli inayoishia kwenye oili. Kompyuta ikibadilishwa na mtu asiye na ujuzi, unaweza kupoteza nguvu ya gari au ulaji mzuri wa mafuta, na huna pa kurudi. Nozeli iliyokuwa inavuja bado inavuja. Turbo iliyokuwa inakula oili bado inakula. Kichujio ndicho kilichokuwa kinakupa habari, na sasa kimenyamaza.

Halafu kuna masizi yenyewe. Yalikuwa yanabaki kwenye kopo, sasa yanatoka nyuma. Anayeyavuta ni dereva wa bodaboda aliye nyuma yako, mama anayeuza ndizi stendi, na watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule. Na ni wewe na kijana wako wa kupakia, mnaozunguka gari hilo kila asubuhi.

Kama unataka kununua gari lililotumika

Kabla hujalipa, fanya ukaguzi huu mdogo. Gari likiwa limepoa, ingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi na uzungushe. Gari lenye kichujio kizima hutoa kitambaa karibu kisafi. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au hakipo. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya kichujio iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeichezea. Lala chini uangalie kopo kama lina alama za kuchomelewa. Chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango chake na unuse. Mwisho, lipia kipimo cha mashine, hata kama muuzaji ananuna.

Kikundi kinachonunua lori kwa michango ya wanachama kina sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa sababu gari likisimama, linasimama kwa familia nyingi. Wekeni pia daftari ndani ya gari. Dereva aandike tarehe taa ilipowaka, lini kitufe kilibonyezwa, na kilomita zilizosomeka. Kama zamani ilikuwa kila baada ya kilomita 300 na sasa ni kila baada ya 80, daftari limewaambia mwende kwa fundi kabla gari halijawaambia kwa kusimama mlimani na mzigo mgongoni.

Tumeandika makala haya yaweze kusomwa kwenye simu ndogo na kuhifadhiwa. Mtumie dereva wako, na umwonyeshe kitufe kiko wapi kabla ya siku ambayo taa itawaka.